Samaki wa Bwawa la Bustanini Wanapokufa: Tazama Saa Kabla ya Kununua Dawa

Mtu anayeamka na kukuta samaki wawili watatu wakielea ubavu hufikiria ugonjwa, na kabla jua halijawa kali amekwisha kufika kwenye duka la dawa za mifugo. Katika mabwawa madogo ya bustanini, yale ya saruji au ya turubai yenye lita 2,000 hadi 10,000 ambamo watu wa mijini hufuga koi, samaki wa dhahabu au sato wachache wa kitoweo, safari hiyo ya dukani mara nyingi huwa ya bure, kwa sababu kilichowaua samaki ni maji yenyewe. Tena dawa iliyomwagwa kwa kubahatisha huweza kuwaua bakteria wanaosafisha maji, na tatizo la siku moja likageuka kuwa la mwezi mzima.

Mwongozo huu unafuata dalili, lakini dalili zenyewe hufanana mno: samaki aliyekosa hewa, aliyeunguzwa na klorini na aliyedhurika kwa amonia wote hupanda juu na kutweta. Kinachowatofautisha ni wakati. Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, andika saa uliyoiona dalili, kisha andika yote yaliyotokea katika siku 3 zilizopita: maji kuongezwa, mvua kunyesha, umeme kukatika, chujio kusafishwa, bustani kupigwa dawa, samaki wapya kuletwa, wageni kuwatupia mkate. Mara nyingi jibu hujitokeza kwenye orodha hiyo kabla ya kipimo chochote kufunguliwa.

Vitu vya kuwa navyo

Kipimajoto, na vipimo vya matone vya pH (kiwango cha asidi au besi ya maji), amonia na nitriti, vinatosha kwa bwawa la nyumbani. Vijiti vya karatasi ni rahisi kutumia, lakini kopo lake likiachwa wazi katika unyevunyevu wa pwani huharibika upesi na kuanza kusema uongo.

Jambo la pili ni kujua ujazo wa bwawa. Zidisha urefu, upana na kina cha wastani kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000. Bwawa la mita 4 kwa mita 2.5 lenye kina cha wastani cha sentimita 80 lina lita 8,000. Ninasisitiza hesabu hii kwa sababu wengi hukadiria kwa macho, na macho hupenda kuzidisha. Mtu anayeamini kuwa ana lita 15,000 wakati anazo 8,000 atatia karibu maradufu ya chumvi au dawa inayotakiwa.

Wanatweta juu ya maji alfajiri, lakini kufikia saa 4 asubuhi wametulia

Huu ni upungufu wa oksijeni, na kwa mabwawa yenye maji ya kijani ndilo tatizo linaloongoza. Mchana mwani na mimea ya majini hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku huacha kuitengeneza na badala yake huivuta pamoja na samaki, bakteria na tope la chini. Oksijeni hupungua usiku kucha na kufikia kiwango cha chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Mwenye bwawa anayeamka saa 2 asubuhi anaweza kukaa miezi bila kuona dalili hii, mpaka siku anapookota maiti.

Ukitaka uhakika, toka nje saa 11 alfajiri ukiwa na tochi. Samaki waliokosa hewa hujipanga juu kwa juu, midomo yao ikigusa uso wa maji, na wengi hukusanyika panapoingilia maji kutoka kwenye pampu. Wanaoanza kufa ni wakubwa, ilhali vifaranga hustahimili zaidi. Ukikuta kinyume chake, wadogo wamekufa na wakubwa wako wazima, shuku sumu.

Joto huongeza shida, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 yaliyojaa hewa hubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 28 hubeba takriban 7.8. Wafugaji wa nyanda za juu wasidhani kwamba baridi inawakinga kikamilifu: Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa wepesi wa hewa ya huko, maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 7.4 tu, pungufu hata ya maji ya uvuguvugu ya Dar es Salaam.

Hatua ya papo hapo ni kuyavuruga maji ya juu. Washa pampu na uelekeze mrija wake juu ili maji yaanguke kwa kishindo; kama umeme umekatika, chota kwa ndoo na uyamwage kutoka kimo cha kiuno kwa nusu saa, kazi ambayo watoto wa nyumbani huifanya kwa furaha kuliko watu wazima. Usiwalishe asubuhi hiyo, kwa kuwa samaki anayesaga chakula huhitaji oksijeni zaidi. Suluhisho la kudumu ni kuiacha pampu ifanye kazi usiku, saa ambazo watu wengi huizima ili kubana gharama. Kama ni lazima kuchagua, ni afadhali kuizima adhuhuri. Punguza pia idadi ya samaki. Kwa sato katika bwawa lisilo na pampu, 2 au 3 kwa kila mita ya mraba wanatosha, na koi mmoja anayetarajiwa kukua atengewe angalau lita 1,000.

Iwapo unafuga kambare, dalili hii usiihesabu kwao. Kambare ana kiungo cha pekee cha kuvutia hewa ya juu, na kupanda kwake kugugumia hewa ni desturi yake hata katika maji mazuri kabisa.

Wanazubaa alasiri, mapezi yamebanwa, wamekataa chakula

Hapa pima amonia na pH, na vipimo vyote viwili vifanyike kati ya saa 9 na saa 10 alasiri. Amonia hutoka kwenye matamvua ya samaki wenyewe na kwenye chakula kinachooza. Kipimo cha dukani huonyesha jumla yake, na jumla hiyo ina sura mbili: moja haina madhara makubwa, nyingine ni sumu. Kinachoamua mgawanyo wake ni pH na joto. Katika maji ya nyuzi 28, pH ikiwa 7, sehemu iliyo sumu ni kama asilimia 0.7 ya jumla. pH ikipanda hadi 8 huwa kama asilimia 6.5, ikifika 9 huwa kama asilimia 41. Maana yake ni kwamba maji yenye miligramu 1 ya amonia kwa lita yanaweza kuwa salama asubuhi na yakawa ya kuua alasiri ya siku hiyo hiyo, bila mtu kuongeza chochote, kwa kuwa mwani unapotumia hewa ya ukaa mchana kutwa huipandisha pH. Sumu hiyo ikizidi miligramu 0.05 kwa lita, samaki wameanza kuumia.

Ndiyo sababu wengi hupima asubuhi, wakaona pH ya 7.4, wakaridhika na kwenda kazini. Bwawa la kijani linaweza kuwa na pH ya 7.4 alfajiri na 9 alasiri. Mtikisiko mkubwa wa namna hii huonyesha kwamba maji hayana madini ya kutosha ya kuyatuliza. Mwenye maji laini anaweza kutia kilo chache za vipande vya mawe ya chokaa, au ya matumbawe yaliyokwisha kuchimbwa nchi kavu, ndani ya chujio. Mwenye maji ya kisima cha pwani, ambayo tayari yamepita kwenye miamba ya aina hiyo, hana haja nayo, na kwake dawa ni kupunguza mwani kwa kivuli. Mayungiyungi yanayofunika nusu ya uso wa bwawa hufanya kazi hiyo vizuri.

Kwa amonia iliyokwisha kupanda, acha kulisha kwa siku 2 au 3, toa robo ya maji na urudishe mengine yaliyotulia, na urudie kesho yake. Samaki mzima mwenye afya hafi njaa kwa siku 3. Kisha tafuta chanzo, na chanzo mara nyingi kimeshika kopo la chakula. Chakula kinachobaki kikielea baada ya dakika 5 kilikuwa cha ziada. Pumba za mahindi na mabaki ya ugali hayafai kwa bwawa dogo: sato huyala, lakini vipande visivyoliwa huzama na kuoza mahali usipopaona.

Bwawa lina wiki 2 hadi 6, maji ni maangavu, na bado wanatweta kutwa nzima

Shuku nitriti. Bwawa jipya halina bakteria wa kutosha. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali na ambayo mimea huitumia kama mbolea. Kundi la pili huchelewa kujijenga, na katika pengo hilo nitriti hujaa. Huingia kupitia matamvua na kuiharibu damu isiweze kubeba oksijeni, hivyo samaki hukosa pumzi ndani ya maji yenye hewa tele, na kuongeza pampu kunawasaidia kidogo tu.

Mkamate mmoja kwa wavu laini, ukiwa umelowanisha mkono wako, umfunue kifuniko cha shavu. Matamvua yenye afya ni mekundu kama nyama mbichi. Matamvua ya samaki mwenye nitriti huwa na rangi ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea.

Chumvi ni tiba ya kweli kwa tatizo hili, kwa sababu kloridi iliyomo hushindana na nitriti mlangoni mwa matamvua. Nusu kilo hadi kilo 1 ya chumvi ya mawe kwa lita 1,000 inatosha. Iyeyushe kwanza katika ndoo na uimimine kidogo kidogo, mbali na samaki na mbali na mizizi ya mimea. Kumbuka kwamba maji hukauka kwa jua lakini chumvi hubaki, kwa hiyo unapofidia maji yaliyokauka usitie chumvi nyingine.

Bwawa jipya la saruji lina kosa jingine la pekee: chokaa ya saruji huyeyuka na kuipandisha pH kupita 10. Lijaze, liache wiki moja, limwage, na urudie mara 3 au 4 mpaka pH ikae chini ya 8.5. Fundi atakuambia kuwa siku 7 zinatosha, na kwa uimara wa ukuta huenda yuko sahihi, ila samaki hawakai ndani ya ukuta.

Wamekufa usiku wa siku uliyoongeza maji

Hili limenifika mwenyewe. Mtaani kwetu maji ya bomba yalikuwa yamekatika kwa siku 4, na bwawa lilikuwa limeshuka kwa kiasi cha shibiri moja. Yaliporudi jioni niliingiza mpira, nikafungua, nikakaa kula, nikasahau. Asubuhi mpira ulikuwa bado unatiririka na maji yalikuwa yamefurika hadi kwenye maua. Koi 11 walikuwa wamekufa, wamefunikwa ute mweupe, na matamvua yao yalikuwa yamepauka pembezoni kana kwamba yamechomwa. Baada ya mgao, maji yale ya kwanza yalikuwa na harufu kali ya dawa ambayo niliisikia kabisa nilipofungua bomba, na sikuihusisha na samaki hata kidogo.

Klorini hutiwa ili maji yawe salama kwa binadamu, lakini hata chini ya miligramu 0.1 kwa lita inaweza kuyaunguza matamvua. Yaweke maji ya bomba katika tangi lililo wazi, juani, kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuyatumia. Asiyekuwa na tangi anaweza kutumia sodiamu thiosulfeti, zile fuwele ambazo wapiga picha wa zamani walikazia picha katika vyumba vya giza. Gramu 7 hadi 10 huondoa klorini katika lita 1,000 zenye miligramu 1 kwa lita. Kama unaongeza maji moja kwa moja kutoka bombani kwa sababu huna njia nyingine, usizidishe sehemu moja ya kumi ya bwawa kwa siku, na usiache mpira bila mtu. Mimi sasa hufungua nusu saa tu, na simu huniita.

Dalili ikijitokeza baada ya kusafisha chujio, kosa ni lile lile kwa njia ya kuzunguka. Sifongo iliyooshwa kwa maji ya bomba hadi ikang'aa imepoteza bakteria wake kwa klorini, na siku 3 au 4 baadaye amonia hupanda. Ikamue ndani ya ndoo ya maji ya bwawa, itoke na uchafu wake kiasi. Bwawa lililosuguliwa ukuta na sakafu, likamwagwa lote na kujazwa upya siku hiyo hiyo, linaanza moja.

Wamepanda juu baada ya mvua kubwa

Mvua ya kwanza baada ya kipindi cha joto huleta mambo mawili kwa pamoja. Maji baridi ya mvua huzama na kuyainua ya chini, yasiyo na oksijeni na yenye gesi za tope. Na mawingu ya siku kadhaa huupunguzia mwani mwanga, hivyo hata mchana oksijeni haipatikani vya kutosha. Tiba ni ile ya alfajiri, kuvuruga maji ya juu, ila hapa inaweza kuhitajika kutwa nzima.

Kisha kuna mtiririko wa juu ya ardhi, unaobeba samadi, mbolea ya bustani na udongo. Ukingo wa bwawa uinuke angalau sentimita 10 kuliko majani yanayolizunguka. Jambo hili hugharimu tofali chache wakati wa ujenzi na huwa usumbufu mkubwa baadaye.

Wanazunguka ovyo, wanaruka, wanapinda mgongo, na vipimo vyote ni vizuri

Ni sumu kutoka nje, na mara nyingi ni kiuatilifu. Dawa za mbu, za mchwa na za wadudu wa maua kwa sehemu kubwa zimetokana na pareto au zimeundwa kwa mfano wake, na kile kinachozifanya ziwe nafuu kwa mtu na mifugo hakiwasaidii samaki, ambao hufa kwa kiasi kidogo mno. Angalia wadudu wanaoteleza juu ya maji na viluwiluwi vya mbu. Vikiwa vimekufa pamoja na samaki, upungufu wa oksijeni si sababu, kwa kuwa wadudu hao huvuta hewa ya juu. Badilisha nusu ya maji mara moja kwa maji yasiyo na klorini, kisha uliza kwa upole nani amepiga dawa, nyumbani kwako na ng'ambo ya ukuta. Unapojua kwamba eneo litapulizwa, funika bwawa kwa turubai na uzime pampu inayovuta hewa kwa muda huo.

Rangi, povu na harufu

Maji ya kijani si ugonjwa. Tumbukiza mkono mpaka kiwiko: ukiacha kuona kiganja maji yanapokaribia kiwiko, ni kijani cha wastani kinachofaa sato, ukiacha kukiona maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, mwani umezidi na alfajiri zako ziko hatarini. Usitie mrututu ili kuuondoa. Katika maji laini shaba yake huwaua samaki moja kwa moja, na hata pale wanapopona, mwani wote hufa kwa pamoja, huoza na kumaliza oksijeni. Kijani kilichogeuka kahawia au kijivu ghafla, bila mtu kutia kitu, kina hatari hiyo hiyo.

Maji meupe kama yaliyosuuziwa mchele ni bakteria wanaoshangilia chakula cha ziada. Povu jepesi linalopasuka upesi halina uzito. Harufu ya yai viza ni gesi ya tope lililotibuliwa. Liondoe kwa mrija, sehemu moja ya sakafu kwa wiki, na usilikoroge lote kwa fagio.

Anaumwa mmoja tu, wengine wazima

Hapa ndipo ugonjwa unapostahili kufikiriwa, kwa sababu maji mabaya hayachagui. Vidoa vyeupe kama punje za chumvi, manyoya kama pamba kwenye jeraha, kidonda chenye ukingo mwekundu, au kujisugua ukutani kwa siku kadhaa ilhali vipimo ni safi, huashiria vimelea, ukungu au bakteria. Mtenge kwenye beseni kubwa lenye maji ya bwawa lile lile na pampu ndogo ya hewa. Ukimpeleka kwa afisa uvuvi au daktari wa mifugo, mpeleke akiwa hai, katika mfuko wenye theluthi moja ya maji na hewa iliyobaki, pamoja na chupa safi ya maji ya bwawa iliyojazwa hadi mdomoni na karatasi yako ya saa na matukio ya siku 3. Samaki aliyekufa tangu jana akahifadhiwa kwenye friji hatamwonyesha mengi.